Ubao Una Kasi Mno, Ubao Hauna Mguso: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Mwingine

Malalamiko ninayoletewa na wachezaji wa mpira wa meza hapa Dodoma huwa ya maneno machache. Mmoja husema ubao wake una kasi mno, mwingine husema ubao wake umekufa, na wa tatu husema hausikii mpira mkononi. Kila mmoja huwa ameshaamua kuwa dawa ni kununua ubao mwingine, na kwa kuwa ubao mzuri hapa kwetu huagizwa kutoka mbali na kusubiriwa kwa majuma kadhaa, uamuzi huo ukikosewa humgharimu mtu fedha na pia sehemu kubwa ya msimu wake wa mazoezi. Ninaandika mwongozo huu nikiwa na hakika kwamba sehemu kubwa ya malalamiko hayo haitokani na ubao hata kidogo, na kwamba hata pale yanapotokana nao, mchezaji huwa amechanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani kasi na mguso.

Ubao ninaouzungumzia ni ule mti mtupu pamoja na mpini wake, kabla ya kubandikwa raba pande zote mbili. Sheria za mchezo huu duniani zinataka angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mti wa asili, na zinaruhusu tabaka la gundi ndani yake liimarishwe kwa nyuzi kama za kaboni au kioo, mradi tabaka hilo lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kwa kufuata kipimo kilicho kidogo zaidi.

Kasi ni jambo moja, mguso ni jingine

Kasi ya ubao ni ile sehemu ya nguvu ya mgongano ambayo ubao unairudisha kwa mpira. Mpira unapogonga, ubao hupinda kwa kiasi kidogo mno kisha hutetemeka, na nguvu iliyotumika kuutetemesha hairudi tena kwa mpira, bali huishia mkononi na kwenye sauti unayoisikia. Ubao mkakamavu hupinda kidogo, kwa hiyo hupoteza kidogo, na mpira huondoka na mwendo mkubwa zaidi. Ukakamavu huo hutegemea aina ya mti, lakini hutegemea zaidi unene, kwa sababu ukakamavu wa bapa lolote hukua kwa kadiri ya unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua mbao mbili zilizojengwa kwa miti ileile, moja ikiwa na unene wa milimita 5.7 na nyingine milimita 6.3. Macho hayaoni tofauti yoyote ya maana, lakini ya pili inaizidi ya kwanza ukakamavu kwa takribani asilimia 35. Ndiyo maana ninamshauri kila mnunuzi aulize unene kabla ya kuuliza jina la bingwa lililoandikwa kwenye mpini.

Mguso ni habari ambayo mtetemo huo unaupelekea mkono. Hapa pana jambo ambalo wachezaji wengi hawalitarajii: mpira hukaa kwenye raketi kwa takribani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mkono hauwezi kupata habari na kuchukua hatua ndani ya muda huo. Kiganja kinapohisi lolote, mpira umekwisha kuondoka. Kwa hiyo mguso haubadilishi mpira uliokwisha kupigwa, bali humfundisha mchezaji kuupiga ule unaofuata, na anayejifunza bila habari hiyo hujifunza kwa taabu kubwa. Hii ndiyo sababu ninautetea mguso kwa wanaoanza, hata pale wanaponiambia kwamba wanachotaka ni kasi.

Ushahidi ulio wazi kwamba mambo haya mawili hayafuatani ni mbao za Kijapani za hinoki, mti laini wa jamii ya saipresi. Mbao hizo hutengenezwa kwa kipande kimoja bila matabaka, chenye unene wa milimita 9 au 10, na kwa ajili ya unene huo hurusha mpira kwa kasi kubwa, ilhali mkono huhisi ulaini. Ryu Seung-min wa Korea Kusini alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki jijini Athens mwaka 2004 akitumia raketi ya mtindo huo wa Kijapani. Kinyume chake pia kipo, kwani kuna mbao nyembamba zilizofunikwa kwa mti mgumu kama koto ambazo mguso wake ni mkali na wenye sauti ya juu, na bado kasi yake ni ya wastani. Mchezaji anayeusikia mlio huo mkali huamini kuwa ana ubao wa kasi, naye huanza kujizuia mkono bila sababu.

Herufi zilizochapishwa na watengenezaji, yaani DEF kwa ubao wa kujihami, ALL kwa wa matumizi yote na OFF kwa wa kushambulia, husaidia kwa kiasi tu. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na kampuni zote, kwa hiyo ALL ya mmoja inaweza kuwa na kasi kuliko OFF ya mwingine. Ninaipendelea zaidi njia ya kampuni ya Butterfly ya Japani, ambayo huuandikia ubao namba mbili, moja ya mrejesho na nyingine ya mtetemo, kwa sababu njia hiyo inakiri waziwazi kuwa kuna maswali mawili.

Majaribio ya kufanya kabla ya kuulaumu ubao

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Geuza raketi, upige mapigo yaleyale kwa upande wa pili wa raba. Ubao ni mmoja kwa pande zote mbili, kwa hiyo kama tatizo linaonekana kwa raba nyekundu na kutoweka kwa raba nyeusi, basi chanzo ni raba, sponji iliyo chini ya raba, au gundi ya upande ule, wala si mti. Nimeona watu wakiuza ubao mzima kwa hasara kwa sababu ya kosa ambalo jaribio hili la dakika tano lingelifichua.

Jaribio la pili ni la meza na mpira. Meza inayofuata kanuni hurudisha mpira hadi takribani sentimita 23 pale unapoachiwa kutoka urefu wa sentimita 30. Shika rula wima, achia mpira sehemu kadhaa za meza, halafu utazame. Meza ya saruji iliyomwagwa nje ya bweni, au ile ya plaiwudi iliyobonyea katikati, haitatoa kipimo hicho, na mchezaji aliyezoea meza hiyo atakapoingia kwenye ukumbi wenye meza nzuri atauona ubao wake umebadilika tabia. Mpira nao ukaguliwe. Mpira halali una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7, na ile ya bei ya chini sana hutofautiana kiasi kwamba mipira mitatu ya pakiti moja hudunda kwa namna tatu.

Jaribio la tatu ni la raba. Weka mpira juu ya raba, uubonyeze kidogo kwa kiganja na kuuzungusha. Raba iliyo hai huung'ang'ania mpira, nayo iliyochakaa au yenye vumbi huuacha uteleze. Hapa Dodoma, kati ya Juni na Novemba, ambapo mvua huwa hakuna na upepo hupuliza vumbi hadi ndani ya kumbi zilizofungwa madirisha, raba huweza kupoteza mshiko wake ndani ya seti moja. Kuifuta kwa sponji laini ya kuoshea iliyoloweshwa maji safi, kisha raba ikaachwa ikauke kivulini, inatosha kuirudisha katika hali yake.

Dalili: mipira inapita mwisho wa meza

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, nalo lina vyanzo vingi kiasi kwamba nitakaa hapa kwa muda.

Anza na mahali. Mtumishi mmoja wa serikali, aliyehamia huku na wizara yake kutoka Dar es Salaam, alinijia baada ya juma la kwanza la mazoezi akaniambia, "Mwalimu, ubao huu haukuwa hivi kule." Alikuwa anasema kweli kuhusu mipira, ingawa alikosea kuhusu ubao. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 10 kuliko ile ya pwani. Kwa mchezo wenye mpira mwepesi namna hii jambo hilo si dogo, kwani mpira unaokwenda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa huvutwa nyuma na hewa kwa nguvu inayofikia takribani mara mbili ya uzito wake wenyewe. Hewa ikipungua, mpira hupunguziwa mwendo kidogo kuliko ulivyozoea. Zaidi ya hapo, ile spini ya mbele, yaani mzunguko wa mpira kuelekea mbele, inayoufanya mpira uiname na kuangukia mezani hutegemea hewa hiyohiyo, kwa hiyo mpira pia huinama kidogo kuliko kule pwani. Mambo haya mawili yanasukuma upande mmoja, na matokeo yake ni mpira kutua sentimita kadhaa mbele zaidi ya pale mkono ulipokusudia.

Mchezaji yule nilimwomba asibadilishe chochote kwa majuma matatu, ila afunge raketi kidogo zaidi, yaani auinamishe uso wake mbele, na kuusugua mpira kwa juu badala ya kuusukuma. Baada ya hapo tatizo lilibaki kwa mipira ya nguvu tu, na tulilimaliza kwa kumbadilishia raba yenye sponji ya milimita 2.1 akaweka ya milimita 1.8. Ubao wake bado anao. Ninalisimulia hili kwa sababu wachezaji wanaosafiri kwenda kushindana pwani hupatwa na kinyume chake: mipira yao huanza kuangukia mapema na wavuni, nao hudhani kuwa unyevu wa bahari umeuharibu ubao wao.

Kama mahali si chanzo, tazama sponji. Sponji nene inayodunda sana, ikibandikwa juu ya ubao wenye kaboni, hukusanya kasi mbili mahali pamoja, na mchezaji ambaye pigo lake bado halijatulia hawezi kuiongoza jumla hiyo. Kuipunguza sponji ni nafuu kuliko kuubadilisha ubao, na ndiyo hatua ninayoianza daima. Ukishafika kwenye sponji ya milimita 1.8 na mipira ikaendelea kutoka, pande zote mbili za raketi, kwenye meza iliyopimwa, na kwa mchezaji anayesugua mpira ipasavyo, hapo ndipo ninapokubali kwamba ubao una kasi kumzidi mwenyewe.

Ubao wa kuufuata katika hali hiyo ni wa matabaka matano ya mti mtupu, wenye unene wa milimita 5.5 hadi 5.8, uliojengwa kwa limba nje na ayous katikati au kwa mchanganyiko unaokaribia huo. Miti yote miwili huota Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, na ndiyo iliyojenga sifa za mbao nyingi za Ulaya. Mbao kama Stiga Allround Classic na Donic Appelgren Allplay ziko katika kundi hili, nazo zimewafundisha wachezaji wa vizazi kadhaa. Anayetoka kwenye kaboni kwenda kwenye ubao wa namna hii hujihisi ameshushwa daraja kwa siku za mwanzo. Avumilie, kwa sababu sasa anaweza kupiga pigo kamili bila kujizuia, na pigo kamili lenye spini lina thamani kubwa kuliko nusu ya pigo lenye kasi.

Dalili: raketi ilikuwa na kasi siku ya kwanza, kisha ikafa

Uliza gundi iliyotumika. Kwa kuwa gundi ya maji ya kubandikia raba haipatikani kila duka, wengi wetu tumewahi kutumia solusheni ile ya kuzibia tyubu za baiskeli. Vimumunyishi vilivyomo ndani yake huingia katika vitundu vya sponji na kuivimbisha, nayo sponji iliyovimba hukazika na kurusha mpira kwa kasi na kelele nyingi. Saa chache baadaye mvuke hutoka, sponji hunywea, na kasi hupotea. Wachezaji wa Ulaya waliligundua jambo hili miaka mingi iliyopita na kulifanya kuwa desturi, hadi Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza lilipozipiga marufuku gundi za namna hiyo mwaka 2008 kwa sababu ya madhara ya mvuke wake kwa afya.

Kwa hiyo ubao haujafa. Kilichoyeyuka ni udanganyifu wa siku ya kwanza, na kasi unayoiona sasa ndiyo ya kweli. Bandua raba taratibu kuanzia upande wa mpini, sugua mabaki ya gundi kwa kidole hadi yatoke, na ubandike upya kwa gundi ya maji. Hewa yetu kavu huikausha gundi hiyo juu kabla ya ndani, kwa hiyo ipakwe tabaka jembamba lililosambaa vizuri, ndani ya chumba kisichopigwa na feni, na isubiriwe mpaka weupe wote uishe. Mabonge ya gundi yaliyobaki chini ya raba huleta sehemu za raketi zinazodunda na nyingine zisizodunda, na hilo nalo huitwa, kwa makosa, ubao mbovu.

Dalili: mipira mifupi inaruka juu na kumpa mpinzani nafasi

Hapa ubao huwa na hatia mara nyingi zaidi, na maelezo yake ni mazuri kuyajua kabla ya kununua. Ubao unapopinda, matabaka ya nje ndiyo yanayovutwa na kubanwa zaidi, na yale ya katikati hufanya kazi ndogo. Nyuzi za kaboni zikiwekwa chini tu ya tabaka la nje, kama ilivyo katika Viscaria ya Butterfly, zinakuwa mahali zinapoweza kuongeza ukakamavu kwa kiwango cha juu kabisa, nazo huamka hata kwa mguso mdogo. Zikiwekwa karibu na kiini, kama katika Hurricane Long 5 ya kampuni ya Kichina ya DHS, mpira unaoguswa kidogo hukutana na mti kwanza, na kaboni husikika pale tu unapopiga kwa nguvu.

Mchezaji anayetegemea mipira mifupi, anayerudisha sevu, yaani mpira wa kuanzishia, kwa kusukuma chini na kutua karibu na wavu, atateseka na ubao wa kundi la kwanza hata akiwa na mkono mzuri. Kabla ya kumhukumu ubao huo lakini, ningependa aangalie anavyoushika mpini. Mkono uliokazwa huufanya ubao wowote kuwa mkakamavu zaidi kwa mipira midogo, na nimeona mipira ikishuka sentimita kumi kwa kulegeza vidole viwili tu. Kama vidole vimelegea na mpira bado unaruka, basi kaboni ya ndani au matabaka matano ya mti mtupu ndilo jibu. Mbao nene zenye kiini cha balsa zina tatizo lilelile kwa njia nyingine: ni nyepesi, zinadunda upesi kwa mguso mdogo, kisha zinaishiwa nguvu kwa pigo kubwa. Simshauri anayeanza kuzinunua.

Dalili: mpira hauna nguvu unapopigwa kutoka mbali na meza

Mchezaji anaposimama mita mbili nyuma ya meza na mipira yake ikafika imechoka, mambo matatu huwezekana. La kwanza ni raba iliyokufa, ambayo jaribio la kuuzungusha mpira limeshaifichua. La pili ni sponji laini mno, ambayo kwa pigo kubwa hubanwa hadi mpira ukakutana na mti, na dalili yake ni mlio wa kugonga kama mlango. La tatu ndilo ubao mwembamba au laini unaopinda kupita kiasi. Mwenye tatizo hili la tatu asiruke moja kwa moja kwenda kwenye kaboni ya nje. Ubao wa matabaka saba ya mti, kama Stiga Clipper, humpa nguvu anazozitaka na kumwachia mguso wa mti aliouzoea, na kwa maoni yangu ndio mbao zinazosahaulika isivyo haki siku hizi.

Dalili: mkono hausikii kitu, au unasikia mtetemo wa ajabu

Dalili hizi mbili ninaziweka pamoja kwa sababu jaribio lake ni moja. Shika mpini kwa vidole viwili, karibu na pale unapoungana na uso wa ubao, uache ubao uning'inie, kisha uudundishe mpira katikati. Ukiwa na simu yenye programu ya kulinganishia nyuzi za gitaa, iweke karibu isome sauti hiyo, na uiandike. Fanya jaribio hili ubao ukiwa mtupu, kwa sababu raba huongeza uzito na hushusha sauti. Anayejua kuipiga ilimba ya Wagogo, ile ala ya ndimi za chuma, hatahitaji maelezo marefu: ulimi mfupi wa chuma hutoa sauti ya juu kwa kuwa ni mkakamavu kuliko ulimi mrefu, na ubao mkakamavu hulia juu kwa sababu hiyohiyo. Mbao mbili za umbo na uzito unaokaribiana zikilinganishwa hivi, ile ya sauti ya juu ndiyo yenye kasi zaidi, na jaribio hili limenisaidia kuliko maelezo yoyote ya dukani.

Sauti ikiwa safi, ya namna moja kila unapogonga, ubao ni mzima, na kukosa mguso kunatokana na vitu vilivyoongezwa juu yake. Chanzo cha kawaida ni sponji ngumu, hasa ya raba za Kichina zenye kunata kama Hurricane 3, iliyobandikwa juu ya ubao wa kaboni na mtu ambaye bado hana nguvu ya kuibana sponji hiyo. Jihadhari na namba za ugumu zilizochapishwa, kwani kipimo cha Kichina, cha Kijapani na cha Kijerumani ni vipimo vitatu tofauti, na namba 39 ya mmoja haimaanishi 39 ya mwingine. Chanzo kingine ni vanishi. Tabaka moja jembamba huuzuia mti kunyofoka nyuzi wakati wa kubandua raba, lakini nimeletewa mbao zilizopakwa matabaka manne na fundi aliyezoea kabati, na hizo zimefunikwa ganda gumu linaloua mguso wa mti wa nje. Msasa laini kabisa, ukitumiwa kwa mkono mwepesi kufuata mwelekeo wa nyuzi za mti, huondoa ganda hilo.

Sauti ikiwa ya kukwaruza, ya kupasuka, au ikibadilika ukihama kutoka upande mmoja wa uso kwenda mwingine, basi kuna kitu kimeachia. Ukavu wa kiangazi chetu huunyang'anya mti unyevu, nao hunywea zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Kwa kuwa matabaka hulazwa yakipishana mwelekeo, kila moja hujaribu kunywea upande wake, na gundi iliyo kati yao hubeba mzigo huo. Ubao uliokaa Dar es Salaam miaka mitatu na kuletwa Dodoma mwezi wa Septemba, kisha ukaachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, una kila sababu ya kuachana matabaka. Kagua ukingo wake wote kwa ukucha, hasa kwenye mabega yaliyo karibu na mpini. Ufa mdogo huzibwa kwa gundi nyeupe ya mbao inayopenyezwa kwa kipande cha karatasi ngumu, kisha ubao ukabanwa kati ya vibao viwili bapa usiku mzima. Mpini uliolegea hutengenezwa hivyo hivyo. Tabaka lililoachana hadi katikati ya uso halitengenezeki kwa namna itakayourudisha ubao katika tabia yake.

Kinga yake ni nyepesi: begi la raketi lenye kufungika, lililowekwa ndani ya nyumba mbali na dirisha la jua, na ukingo wa ubao uliozungushiwa utepe.

Dalili: umenunua ubao wa jina lilelile, lakini tabia ni tofauti

Mti ni kiumbe kilichoota, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Mbao za aina moja, za kampuni moja, huweza kupishana gramu 5 au zaidi, na ule mzito mara nyingi huwa mkakamavu na wenye kasi kuliko mwepesi. Unapoagiza, omba uzito kwa maandishi, na ukiupokea upeleke kwa sonara, ambaye mizani yake inasoma gramu kwa uhakika kuliko ya muuza nyanya.

Dalili: raketi inachelewa na mkono unachoka

Hili halina uhusiano na kasi wala mguso, ingawa huelezwa kwa maneno ya vyote viwili. Ubao wa gramu 88 wenye raba mbili za gramu 50 kila moja hufika karibu gramu 190, na mchezaji wa shule ya sekondari anayezoea raketi ya gramu 165 atauona ni mzito hasa anapohama kutoka mkono wa mbele kwenda wa nyuma. Laza raketi juu ya kidole kimoja utafute pale inaposimama bila kuanguka. Kadiri pahali hapo panapokuwa mbali na mpini, ndivyo kichwa kinavyoelemea na ndivyo kifundo kinavyochoka. Kuikata raba ifuate ukingo bila kuacha masalio, kuchagua sponji nyembamba kwa upande wa mkono wa nyuma, na kuzungushia mpini utepe wa kitambaa, ambao huongeza gramu chache lakini huzirudisha upande wa kiganja, ni hatua ninazozitumia kwa kufuatana hivyo. Kwa vijana wa umri huo ninachagua ubao wa gramu 80 hadi 84, na sinunui kabla sijauweka mkononi mwa mwenyewe.